Mama Kabati na Tarakimu Sita

Meza yake ilikuwa ya pili kutoka mlangoni, chini ya dirisha lenye kioo kilichopasuka na kuzibwa kwa gundi ya karatasi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiifuta kila asubuhi kabla watu hawajaingia, kwa hiyo naijua kuliko hata meza ya kwangu. Kalamu mbili, moja haina wino. Kopo la maziwa lililokatwa likawa la kuwekea pini. Kalenda ya mwaka juzi, aliyoiacha kwa ajili ya picha ya maua. Upande wa kulia kulikuwa na droo moja yenye kufuli, na ufunguo wake aliuvaa shingoni kwa kamba, ndani ya blauzi.

Ofisi yetu ni ya uchaguzi, ya wilaya. Watu wengi hudhani ofisi kama hii inafanya kazi mwaka mmoja halafu inalala. Si hivyo. Daftari la wapiga kura halilali. Watu wanahama, wanafariki, watoto wanafikisha umri, na lazima awepo mtu wa kukaa akayaandika yote hayo. Kwetu mtu huyo alikuwa yeye. Alianza enzi za madaftari ya karatasi, yale ya kubebwa na watu wawili, akamalizia kwenye kompyuta. Miaka ishirini na sita.

Jina lake la cheti hatukulitumia. Alikuwa Mama Kabati. Dereva wa ofisi, ambaye ana mdomo, ndiye aliyempa jina hilo. Alisema kitu ukikiweka kwa mama huyu kimewekwa, hakitoki mpaka ukifuate mwenyewe. Na ilikuwa kweli. Kompyuta zilipoletwa, kila mtu alipewa neno lake la siri, na kila mtu akalisahau kabla ya Jumatatu iliyofuata. Basi wakampa yeye awatunzie. Aliyaandika katika daftari la shule lenye jalada la bluu, watu kumi na mmoja, kila mtu na ukurasa wake, akalifungia kwenye ile droo.

Kwa hiyo asubuhi kwetu ilianza hivyo. Mtu anaingia, anatua mkoba, anakwenda meza ya pili. Shikamoo, Mama Kabati, hebu nipe langu. Yeye anachomoa kamba shingoni, anafungua droo, anafunika kurasa za wengine kwa kiganja, anamwonyesha mwenye lake. Papo hapo wanaulizana habari za nyumbani. Mtoto amepona kikohozi? Mvua imeingia ndani tena? Dereva naye alipanga foleni, na kompyuta hana. Alikuja kuulizia neno la siri la gari. Mama Kabati alimjibu kila siku, bila kuinua macho, "La gari lako ni sukuma." Watu wakacheka kila siku kana kwamba hawajawahi kulisikia.

Nyumbani kwake hakukuwa na foleni. Mume alifariki miaka tisa nyuma. Binti yake ni mmoja tu, aliyepatikana baada ya mimba tatu kuharibika, na huyo aliolewa mbali, nchi nyingine. Ana watoto wawili ambao bibi yao anawajua kwa picha. Binti si mbaya, nisimseme. Hupiga simu mwisho wa mwezi, lakini huongea mbiombio kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Ukiwa karibu unamsikia mama anajibu, haya mwanangu, haya, haya, wasalimie, na imekwisha.

Miezi mitatu kabla ya uchaguzi, makao makuu wakatuletea mtaalamu. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, miwani yake ameifunga kamba isidondoke. Kazi yake ilikuwa kuangalia wezi wa mtandaoni wanavyoweza kutuingilia. Siku ya kwanza hakusema neno, alizunguka na karatasi akiandika. Siku ya pili aliziba matundu yote ya kompyuta ya daftari, yale ya kuchomekea vitu, akayapiga lakiri, maana aligundua kwamba ofisi nzima tulikuwa tunachajia simu humo. Na mimi nikiwemo, Mungu anisamehe. Soketi ya jikoni ilikuwa imekufa. Siku ya tatu dereva alikuwa keshampa jina: Bwana Kufuli.

Akatukusanya ukumbini, hata sisi wa fagio. Alitueleza kwamba daftari letu sasa linafunguliwa kwa mtandao, kwa hiyo mtu akipata neno la siri la Mama Kabati hana haja ya kuvunja mlango wetu. Ataingia akiwa amekaa kitandani kwake, mji mwingine, na akishaingia anaweza kufuta majina ya mtaa mzima, watu waje siku ya kura waambiwe hawapo. Akasema, "Mwizi wa siku hizi habebi mtarimbo. Anakuja na salamu."

Kuanzia siku hiyo kila mtu akae na siri yake kichwani. Haiandikwi, haiambiwi mtu. Na kwenye daftari akaongeza kufuli ya pili: ukishaandika neno lako la siri, tarakimu sita zinatumwa kwenye simu yako, zinaishi dakika chache, bila hizo huingii. Simu iliyochaguliwa kupokea tarakimu hizo ni ya Mama Kabati. Bwana Kufuli akamgeukia yeye hasa. Mtu yeyote akikuuliza tarakimu hizi, alisema, hata nikiwa mimi, hata akiwa mkubwa wangu, kata simu, upige namba hii siku hiyo hiyo. Akampa kadi.

Halafu akauliza kama kuna mahali maneno ya siri ya zamani yameandikwa. Macho yote yakamgeukia mwenye meza ya pili. Mama Kabati akainuka, akachomoa kamba, akaleta lile daftari la bluu kwa mikono miwili. Bwana Kufuli akafunua kurasa mbili, akalifunga.

"Mama, umetunza vizuri kuliko wengi," akamwambia. "Lakini mwizi angehitaji droo moja tu."

Nilipewa mimi nikalichome nyuma ya ofisi. Nilichungulia ukurasa mmoja, siwezi kusema sikuchungulia. Ulikuwa wa msimamizi wetu, mkubwa wa ofisi. Neno lake la siri lilikuwa moja mbili tatu nne, na chini yake, kwa mwandiko wa Mama Kabati: *Nimemwambia abadilishe. Hii ni mara ya tatu.* Nikacheka peke yangu, nikalitia kiberiti.

Kesho yake watu waliingia, wakatua mikoba, wakaketi kila mtu kwake. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Ni kwamba salamu zilikuwa zimepanda mgongoni mwa shida, na shida ilipoondoka, salamu nazo zikashuka. Dereva alijitahidi siku mbili, akaja kuuliza neno la siri la gari, lakini mzaha bila foleni haunogi. Siku ya tatu hakuja. Mama Kabati akawa ananyoosha shingo kila mlango ukilia, kisha anarudi kwenye kioo cha kompyuta yake. Mkono ulikuwa ukienda kwenye kamba, na kamba ilikuwa bado ipo, ingawa droo ilikuwa tupu.

Baada ya wiki kama mbili nikaona amebadilika. Zamani alikuwa akingoja nimalize kupiga deki ndipo tuondoke pamoja mpaka njia panda. Sasa saa kumi ikigonga tu amekwisha kujitanda, ananiambia, mdogo wangu, leo nitatangulia. Uso ulikuwa na nuru. Siku moja nikamtania kwamba lazima kuna mtu anamngojea. Akatabasamu, akasema, "Kuna binti hunipigia." Nikajua ni mwanawe, nikafurahi. Nikamshukuru Mungu kwa sala ya jioni, nikamtaja na binti huyo, azidi kumkumbuka mama yake.

Hakuwa mwanawe. Yaliyobaki alinisimulia mwenyewe, na nimemuomba ruhusa kuyaandika.

Simu ya kwanza iliingia saa kumi na moja, akiwa anavua viatu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya rika la binti yake, laini, yenye uchovu kidogo. Shikamoo mama, mimi ni binti wa makao makuu, kitengo cha msaada, nakupigia kuangalia kama zile kufuli mpya hazikusumbui. Mama Kabati akamwambia zinamsumbua kidogo. Binti akamtumia ujumbe wenye ukurasa wa kujaribia neno la siri, akamwambia abofye aliandike hapo waone kama lina nguvu. Akaliandika. Ukurasa ukamjibu asante. Binti akamsifu, kwamba wengi wa umri wake wanashindwa. Na alipokuwa anaaga akauliza, "Na umekula, mama?"

Mama Kabati alikuwa hajala. Aliniambia alisimama na simu sikioni akijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho aliulizwa hivyo, asikumbuke.

Kesho yake saa kumi na moja, simu tena. Na kesho kutwa. Waliongea habari za goti lake, za jirani anayemwagilia bustani yake mpaka maji yanafika kwenye ukuta wa mwenzake, za mume wake alivyokuwa hawezi kula bila redio. Binti hakuwa na haraka. Katikati ya maongezi alikuwa akiuliza swali dogo la kazi: daftari linafungwa siku gani, nani mwingine analifungua, simu ya tarakimu anailaza wapi. Mama Kabati alijibu mengine, mengine akayapisha. Kila jioni mwishoni: umekula? Akaanza kupika mapema ili akiulizwa aseme ndiyo.

Sasa, mtu aliyefanya kazi ya siri miaka yote hiyo si mjinga. Wiki ya pili kitu kikaanza kumtia shaka. Akamtega. Alimuuliza, hivi Bwana Kufuli wenu, mguu wake umepona? Binti akajibu bila kusita, "Anaendelea vizuri mama, ameanza kutembea."

Bwana Kufuli hakuwahi kuumwa mguu. Jumatano ile alikuwa ofisini kwetu, anapanda ngazi mbili mbili.

Hapo ndipo alipojua. Kadi ya namba ilikuwa ndani ya mkoba, nayo alijua ilipo. Alipaswa kupiga jioni ile ile. Hakupiga. Kesho yake saa kumi na moja simu ikalia, akaitazama ikilia, akapokea.

Siku tisa alipokea akijua. Hakumwambia kitu cha daftari tena hata kimoja, kila akiulizwa aliruka kama anayeruka dimbwi. Lakini alipokea. Aliniambia, "Nilikuwa najiambia kesho ndiyo mwisho. Kama mvuta tumbaku."

Siku ya tisa ilikuwa Ijumaa. Jumatatu yake daftari lilikuwa lifungwe, lisiguswe tena mpaka kura. Binti alipiga mapema kidogo, na hakuanza na goti. Alisema, mama, leo tunafanya usafi wa mwisho, utapata tarakimu sita sasa hivi, nisomee nikumalizie kazi, usisumbuke mwisho wa wiki.

Simu ikatetemeka mkononi. Tarakimu zilikuwa zimefika.

Aliziona, aliniambia, zikiwa kubwa kama namba za mlangoni. Neno la siri walikuwa nalo tangu ile siku ya kwanza, alilipeleka mwenyewe kwa kidole chake. Sasa kilichobaki kati ya mwizi na majina ya watu wa wilaya nzima kilikuwa ni mdomo wake. Na kati yake yeye na jioni zote zilizobaki, kilikuwa ni mdomo huo huo.

"Mama, upo? Nisomee."

Akasema, "Mwanangu, siwezi."

 Binti akasema kwa sauti nyingine kabisa, kavu, "Soma, nina kazi nyingine." Mama Kabati hakusoma. Simu ikakatwa.

Mimi nilikuwa naanua nguo nilipomwona anakuja, kanga imevaliwa upande, kandambili za ndani miguuni. Hajawahi kuja kwangu na kandambili za ndani. Nikamkalisha kitandani maana kiti kilikuwa na nguo. Akaanza kunieleza, na wakati ananieleza simu ikawa inatetemeka mapajani mwake, mara moja, mara ya pili, mpaka nne, tarakimu mpya kila mara.

"Wanagonga," akasema.

Nikamwambia dada, tuombe kwanza. Nikamshika mikono. Akaitoa taratibu. "Tupige simu kwanza, mdogo wangu. Mungu hana haraka, mwizi anayo."

Nikamsomea namba kwenye kadi, maana miwani alikuwa ameiacha. Kabla ya kubonyeza akanitazama, akaniambia kwamba amebakiza miezi kumi na minne astaafu, na kwamba akibonyeza hapa huenda asifike. Akasema pia kwamba anaweza kusema sauti ile imempigia leo tu. Nani angejua? Sikumjibu. Nilikuwa namwonea huruma mno, na nikijibu kwa huruma nitamharibia.

"Miaka yote wameniita kabati," akasema. "Kabati likishasema uongo ni mbao tu." Akabonyeza.

Bwana Kufuli alilifunga jina lake la kuingilia kwenye daftari pale pale, akiwa upande wa pili wa simu. Ile mitetemo ikakoma. Kesho yake asubuhi, Jumamosi, alikuja mwenyewe. Ofisi ilikuwa tupu, niliitwa kufungua mlango na kuwachemshia chai. Walikaa meza ya pili, yeye, msimamizi na Mama Kabati, na mimi nilikuwa nikipita na birika. Simu ya Mama Kabati ilikuwa juu ya meza ndani ya mfuko wa nailoni, ikingoja uchunguzi.

Bwana Kufuli alimuuliza yote, naye akajibu yote. Mwisho akamuuliza ni lini alijua kwamba yule si mtu wa makao makuu.

"Siku tisa kabla ya kukupigia."

Msimamizi akavuta pumzi. Bwana Kufuli akaweka kalamu chini. Akamuuliza kwa upole kabisa, mama, siku tisa ulikuwa unangoja nini?

Mama Kabati alikuwa ameshika ile kamba ya shingoni.  "Alikuwa akiniuliza kama nimekula," akasema. "Mengine yote aliyoyasema alikuwa na haja nayo. Hilo hakuwa na haja nalo."

Chai niliyokuwa namimina ikafurika kwenye kisahani. Hakuna aliyeniona. Bwana Kufuli alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka, akaivaa, akachukua kalamu akaandika. Baadaye, nilipokuwa naondoa vikombe, niliona alichoandika mahali pa sababu: *Alichelewa kutoa taarifa.* Basi, hayo tu.

Msimamizi alitaka arudishwe nyumbani siku hiyo hiyo. Bwana Kufuli akasema hapana. Alieleza kwamba sauti hiyo ilikuwa imepiga kwenye ofisi nyingine tatu, ikijifanya mtoto kwa wengine, dada kwa wengine, na katika zote ni mama huyu peke yake aliyepiga namba ya kwenye kadi. Kwa sababu yake, wenzake walionywa kabla ya Jumatatu. Lakini akasema pia kwamba siku tisa ni siku tisa. Mwenye ufunguo wa daftari hawezi kuwa mtu aliyejua akanyamaza. Mama Kabati akaitikia kwa kichwa kabla hajamaliza.

Uchaguzi ulipita. Watu walipanga mistari, wakajikuta majina yao yapo, wakapiga kura wakaenda zao, na hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na jioni majina hayo yalining'inia kwenye mdomo wa mama mmoja aliyevua viatu.

Yeye alihamishiwa mezani pa wageni, mlangoni kabisa. Anaandika jina la anayeingia, saa na shida yake. Simu alirudishiwa baada ya wiki tatu, namba ya yule binti wa uongo imefungiwa. Binti yake wa kweli aliambiwa, akalia sana, na kwa mwezi mmoja alikuwa akipiga kila Jumapili. Sasa imerudi mwisho wa mwezi.

Meza ya pili amekaa mwingine. Bado naifuta. Kalenda ya maua ipo, kopo la pini lipo.

Nimesema nilikuwa naifuta meza ile kila asubuhi. Ni miaka kumi na moja. Nililijua goti lake, nilimuombea mume wake, nilimfutia vumbi mpaka kwenye miguu ya kiti, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumuuliza swali ambalo mwizi alimuuliza siku ya kwanza. Hilo nimelipeleka kwenye sala mara nyingi, na bado halijanitoka.

Siku hizi ananingoja tena nimalize deki. Juzi tulipofika njia panda, kabla hatujaachana, nikamuuliza. "Dada, umekula leo?"

Akasimama. Mkono ukauvuta mkoba kifuani. Akanitazama, na kwa muda mfupi hakunitazama kama mtu anayenijua.

"Kwa nini unaniuliza?"

Nikamwambia nauliza tu. Akaendelea kunitazama. Kisha mabega yakashuka, akasema bado, ana wali wa jana, ataupasha. Nikamwambia haya, tutaonana asubuhi. Akavuka barabara, akaingia kwake, na nikasimama pale mpaka taa ya jikoni ikawaka.